Kulifunua Sinia la Bi Mwanabaraka

(Hotuba ya Bwana Mwinjuma bin Kibwana, Karani Msaidizi wa Muda na Mwenyekiti wa Kamiti ya Mapokezi ya Mtaa, aliyoitoa mbele ya baraza ya nyumba yake, Bagamoyo, baada ya sala ya adhuhuri. Mezani pana kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa sinia lililofunikwa kawa. Watu wamekaa mikekani. Jua kali, na watoto hawajala.)

Waheshimiwa mlioalikwa, waheshimiwa msioalikwa mkaja, Mashehe wetu na walimu wa vyuo, wazee mliopata viti, wazee mliokosa viti, Majumbe, Makarani wa daraja la kwanza, wa daraja la pili na wa daraja la muda, ambao ndio sisi, wenye maduka na wasimamizi wa wenye maduka, mafundi cherahani, mafundi seremala, na fundi Husseni ambaye mpaka leo hatujajua ni fundi wa nini (Kicheko. Husseni anainua mkono, anashukuru kutajwa.), kina bibi, kina mama, kina dada, kina wifi, na watoto ambao tangazo lilisema wabaki nyumbani: Asalaam aleikum.

(Waleikum salaam.)

Nazitoa salamu hizo mara ya pili, kwa niaba ya Kamiti.

(Waleikum salaam tena.)

Na mara ya tatu kwa niaba yangu mimi mwenyewe, maana Kamiti ni kitu kimoja na mimi ni kitu kingine, ingawa tunavaa koti moja.

(Bi Mwanabaraka, mkeka wa tatu: "Salamu zimefika, Bwana Karani, ahsante. Na sinia langu je? Leo alasiri washenga wanakuja kutoka Kaole kumposa mwanangu Mardhiya, nami sina chombo kingine cha kuwawekea watu mbele. Sinia lenyewe ni hilo la shaba, la marehemu mama yangu.")

Bi Mwanabaraka, jambo hilo limo katika ajenda, na ajenda ni kama ngazi, mtu haanzi kwa kupanda paa.

(Bi Mwanabaraka: "Haya baba. Ila ukumbuke, chombo cha mtu hakirudi kitupu." Kina mama: "Kweli hiyo.")

Imekumbukwa, imepokewa, imepigwa muhuri. Sasa, mabibi na mabwana, binadamu aliyeendelea hujulikana kwa mambo mengi, lakini zaidi ya yote hujulikana kwa namna anavyomwandalia mgeni matunda. Sisi hapa, nasema kwa masikitiko na kwa sauti ya ofisi, mgeni tumezoea kumpa chungwa. Anakaa, unampa chungwa, unampa kisu, unamwambia karibu, na yeye mwenyewe, mgeni wa watu, anaanza kumenya, maganda yanamwangukia kanzuni na mbegu hajui azitemee wapi. Je, hiyo ni developmenti?

(Sauti: "Siyo!" Sauti nyingine: "Lakini si amepata chungwa?")

Wenzetu wa Ulaya, ambao nimewaona kwa macho yangu haya nilipokuwa nikipita karibu na dirisha lao kwa kazi za serikali, wao matunda hawayatoi, huyapanga. Nanasi linasimamishwa katikati kama mnara, ndizi zinalizunguka kama watu wa maulidi, papai linakatwa kama mwezi mwandamo, machungwa yanakatwa meno meno kama msumeno wa fundi, tikitimaji linatobolewa tumbo likawa bakuli la kutilia matunda mengine, yaani tunda linabeba tunda mwenzake, na kati ya hayo yote, kwa pulani na kwa diziani, vinachomekwa vipande vya jibini, kila kipande na kijiti chake, ili mgeni asichafue vidole vyake ambavyo pengine amekuja navyo kutoka mbali.

(Makofi. Kina mama wanatazamana.)

Kuna watu, sipendi kuwataja, Bi Ashatu, ambao wamekuwa wakiuliza mabarazani jibini ni kitu gani.

(Bi Ashatu: "Nimeuliza, ndiyo. Na sijajibiwa.")

Basi unajibiwa leo, kiofisi. Jibini, Bi Ashatu, ni maziwa yaliyosoma. Yalikuwa maziwa kama yako na yangu, hayana mbele wala nyuma, yakapelekwa Ulaya, yakawekwa bweni, yakanyimwa jua, yakafundishwa subira, mpaka yakawa magumu yakapata cheti.

(Bi Ashatu: "Na hiyo harufu wanayosema inayo?")

Harufu ndiyo cheti chenyewe.

(Kicheko kikubwa. Paka wa Bi Ashatu, aliyekuwa amelala chini ya meza, anaamka na kuanza kumzunguka Bwana Mwinjuma miguuni. Watu wa mkeka wa mbele wanavuta ncha za kanga kufunika pua, hawajui kwa nini.)

Ndipo mimi, bila kutumwa na mtu, bila kuombwa na mtu, na kusema kweli baada ya kukatazwa na mke wangu, nilipoanzisha Skimu Kuu ya Sinia la Matunda na Jibini kwa Ajili ya Wageni Wakubwa. Na Wageni Wakubwa mnawajua. Ni Bibi wa Bwana Mkubwa pamoja na mashoga zake kutoka Dar es Salaam, ambao siku watakapofika hapa mtaani petu wataliona sinia, watashika mashavu, watauliza, "Jamani, nani aliyepanga hivi?" nanyi mtajibu kwa sauti moja, kama tulivyofanya mazoezi:

(Kimya.)

Kama tulivyofanya mazoezi:

(Sauti chache: "Bwana Mwinjuma.")

Bwana Mwinjuma! Na hapo, inshallah, neno "wa Muda" litaondoka mwishoni mwa cheo changu, na mtaa mzima utakuwa umepanda daraja, kwa sababu mtu mmoja akipanda, wengine wanamwona vizuri zaidi.

(Makofi ya wazee wenye viti. Paka ameweka mkono mmoja kwenye mfuko wa koti la Bwana Mwinjuma. Anasukumwa kwa goti.)

Takwimu, mabibi na mabwana. Skimu bila takwimu ni wali bila chumvi. Asilimia tisini ya sinia itakuwa matunda, asilimia ishirini itakuwa jibini, na asilimia inayobaki itakuwa mapambo.

(Mwalimu Dadi wa chuo: "Bwana Karani, hapo hakuna inayobaki. Umeshatoka nje ya sinia.")

Ndiyo maana, Mwalimu, nikaazima sinia kubwa.

(Mwalimu Dadi anafikiri. Bi Mwanabaraka: "Kubwa, ndiyo, na lina mwenyewe! Wale watu wangu wameshaondoka Kaole, baba. Nipe sinia langu niende, hotuba nitasimuliwa.")

Subira, mama, subira. Kuhusu matunda yenyewe, mtakumbuka kuwa Kamiti ilitoa agizo kwamba kila nyumba iweke tunda moja zuri tayari, lisiliwe, lisikatwe, lisiguswe, mpaka oda ya kukusanya itoke. Na nafurahi kutangaza kuwa utii wenu umeishangaza hata Kamiti, ambayo ni mimi.

(Minong'ono. Bi Tabia: "Bwana Karani, papai langu limengoja oda mpaka limeanza kutoa machozi!" Chausiku, akiwa na mtoto mgongoni: "Na mimi nina nanasi la Kiwangwa uvunguni, watoto wanalizunguka kutwa kama nyuki. Nimewatisha kwa jini, nimewatisha kwa baba yao, vitisho vimeniishia. Hiyo oda inatoka lini?")

Oda, Chausiku, iko njiani.

(Chausiku: "Inatoka wapi?")

Inatoka kwangu.

(Chausiku: "Inakwenda wapi?")

Inakuja kwangu, niikague kabla sijaitoa. Huo ndio utaratibu! Mtu anadhani kupanga matunda ni kuyapanga tu. Hapana. Kuna Sabukamiti ya Nanasi, kuna Sabukamiti ya Ganda la Nanasi, kuna Sabukamiti ya Kuamua ndizi ielekee kibla au ielekee mgeni, na hiyo ya mwisho nimekaa nayo peke yangu barazani hapa, tukabishana sana, na mpaka leo hatujapatana.

(Kicheko. Bibi mmoja mzee: "Pole, mwanangu.")

Asante, bibi. Kazi ya umma ni mzigo. Nani katika mtaa huu angeweza kulala macho wazi akiwaza embe dodo likae kushoto au kulia? Nani angeacha shughuli zake, kama angekuwa nazo, akakaa kutwa akichora sinia mchangani kwa kijiti, kuku wanapita wanafuta, anachora tena? Nawaambia bila majivuno, na kama yapo majivuno ni ya kiofisi, kwamba tangu Bagamoyo iwe Bagamoyo hajatokea mtu aliyeliwaza papai kwa kina kama nilivyoliwaza mimi.

(Makofi. Husseni anapiga mluzi.)

Nimefikia sasa kifungu cha sinia, Bi Mwanabaraka, ukae mkao wa kusikia. Sinia lako, tangu Kamiti ilipolichukua kwako kabla ya Maulidi, halikukaa bure hata kidogo. Limefanyiwa uchunguzi nyumbani kwangu. Kwanza, uchunguzi wa uzito, kwa pilau. Pili, uchunguzi wa joto, kwa pilau. Tatu, uchunguzi wa kurudia, ili kuhakikisha majibu, kwa kiporo cha pilau.

(Mwajabu, mke wa Bwana Mwinjuma, anatoa kichwa dirishani: "Na asikudanganye mtu, shoga, siyo yeye aliyekuwa akiliosha!" Kicheko cha kina mama wote. Kichwa kinarudi ndani.)

Ushahidi wa mtaalamu umepokelewa. Na matokeo ni kwamba sinia ni zima, shaba yake ni shaba, halivuji, na lina uwezo mkubwa wa kubeba chakula. Naahidi mbele yenu kwamba ikifika mwakani kila nyumba, kuanzia hapa mpaka Kiwangwa, na kutoka Kiwangwa mpaka Fukayosi, itakuwa na sinia lake la matunda na jibini, mgeni wa mchana atalikuta, mgeni wa usiku atalikuta, mgeni asiyependwa atalikuta pia ila lake halitakuwa na vijiti, na watoto wetu watakua wakijua kwamba zabibu...

(Vurugu ndogo nyuma. Watu wanainuka kupisha. Mzee mmoja wa kilemba na fimbo, pamoja na kina mama wawili waliojitanda kaniki mpya, wanasimama pembeni, vumbi la njia miguuni. "Hodi jamani. Tumefika kwa Bi Mwanabaraka, tumekuta mlango umefungwa, tumeelekezwa huku." Bi Mwanabaraka anashika kichwa: "Mungu wangu, wamefika! Shikamoo Mzee Bwanausi. Shikamooni kina mama." Mzee: "Marahaba, mkwe. Kuna msiba?" Bi Mwanabaraka: "Hakuna msiba, Mzee. Kuna hotuba.")

Karibuni! Karibuni mbele! Wazee, pisheni viti! Mabibi na mabwana, mnaona wenyewe, habari za Skimu zimevuka mipaka, na Kaole wametuma ujumbe rasmi kuja kujifunza!

(Mzee Bwanausi: "Sisi tumekuja kuposa.")

Na kuposa pia ni namna ya kujifunza, Mzee. Kaa, kaa. Mgeni njoo mwenyeji apone! Leo mtaona kwa macho kile ambacho watu wa Dar es Salaam watakuja kukisikia kwa masikio.

(Washenga wanaketi. Jasho linawatoka. Mmoja wa wale kina mama anaangalia huku na huku, anaangalia sinia, anaangalia kawa, anameza mate taratibu, kwa heshima. Bi Mwanabaraka anamnong'oneza Bi Tabia: "Somo, wametembea kutoka Kaole na jua hili, na mimi nyumbani nina maji ya mtungini tu na vikombe. Nimeumbuka. Mwanangu ataambiwa ametoka nyumba isiyojua wageni." Bi Tabia anamshika mkono.)

Nimesikia minong'ono, na minong'ono naijibu kwa vitendo. Siku hii, saa hii, mbele ya ujumbe kutoka Kaole, kwa mamlaka niliyopewa na Kamiti, na Kamiti kwa mamlaka iliyopewa na mimi, nalifunua rasmi Sinia la Matunda na Jibini! Nahesabu. Hapana, sihesabu, hesabu ni ya Mwalimu Dadi. Nalifunua!

(Analifunua. Sinia ni tupu. Pembeni, penye ukingo, pana punje ya pilau, imekauka. Nzi mmoja anatua, anaitazama, anaondoka.)

(Mzee Bwanausi anainama, anainuka, anainama tena: "Bwana wee, macho yangu ya uzee haya. Hayo matunda yamekaa upande gani?")

Yamekaa, Mzee, upande wa mapendekezo.

(Chausiku: "Lo!")

Tulizaneni! Skimu ina hatua. Hatua ya kwanza ni sinia. Hatua ya pili ni kulifunika. Hatua ya tatu ni kulifunua. Zote tatu zimekamilika leo mbele yenu, na mtu akiniuliza mimi nitamwambia kuwa asilimia kubwa ya kazi ndiyo hiyo, matunda ni hatua ya nne. Kwa hiyo nafunga kwa shukrani. Nawashukuru wenye matunda, kwa matunda ambayo oda yake haikutoka. Nawashukuru wajumbe wa Sabukamiti zote, ambao hawakuteuliwa. Na kwa namna ya pekee nawashukuru Wageni Wakubwa, Bibi wa Bwana Mkubwa na mashoga zake, ambao kwa kuwa sikupata nafasi ya kuwaalika, nao hawakupata taabu ya kuja. Sasa tusimame wote tuitikie kama tulivyofanya mazoezi. Sinia!

(Walitakiwa kujibu "Juu!" Hakuna anayejibu.)

Sinia!

(Bi Tabia anasimama, anajifunga kanga kiunoni: "Halirudi tupu!")

Siyo hivyo, Bi Tabia, jibu ni "Juu". Sinia!

(Kina mama: "Halirudi tupu!" Chausiku ameshaondoka, mtoto anaruka mgongoni. Bi Ashatu naye ameondoka. Bi Tabia anavuka njia kwa haraka. Mikeka ya kina mama imebaki na ndara.)

Mkutano haujafungwa! Nanasi! Mseme "Katikati!"

(Nanasi la Kiwangwa linatokea uvunguni kwa Chausiku, watoto wanalifuata kwa vigelegele kama bi harusi. Linakatwa, shungi lake linasimamishwa katikati ya sinia. Papai la Bi Tabia, lile la machozi, limeiva hata kisu kinaingia chenyewe. Maembe dodo ya Bi Ashatu. Ndizi kutoka kwa bibi mzee aliyesema pole. Machungwa kutoka kwa Mwajabu mke wa Karani, yamepitishwa dirishani, na yeye mwenyewe anayakata meno meno: "Amenisimulia kila siku wakati wa kula, jamani, nimejua bila kupenda." Husseni anachonga vijiti vya chelewa, mtu akimuuliza anasema hii ndiyo kazi yake.)

Nafurahi kuona hatua ya nne inaanza chini ya uongozi wangu...

(Bi Mwanabaraka amesimama mbele yake: "Bwana Karani, kila mtu ametia. Na wewe ndiye uliyeazima." Watu wote: "Halirudi tupu!")

Mimi, kwa upande wangu, nimetia juhudi.

("Halirudi tupu!")

Nimetia fikra!

(Paka amepanda koti, kichwa chote kimo mfukoni. Mzee Bwanausi, kwa upole: "Bwana Karani, hicho anachokitafuta huyo mnyama ni fikra?")

Hiyo... hiyo ni sampuli. Ni mali ya Kamiti. Niliipata dukani kwa Mgoa, nikaiweka mfukoni kwa usalama. Ni sampuli ya jibini, mabibi na mabwana, haiguswi, imekaa nami tangu Ijumaa, tumezoeana...

("HALIRUDI TUPU!")

Haya! Haya, jamani, koti langu msilivute, lina bitana! Hii hapa.

(Anaitoa. Imelainika kwa joto, imeshika nyuzi za mfuko na kifungo kimoja. Watu wa mkeka wa mbele wanasema "Kumbe!" wote kwa pamoja. Mwajabu anaikwangua kwa kisu, anatoa nyuzi, anatoa kifungo, anaikata vipande, Husseni anachomeka vijiti, na inapandwa kuzunguka nanasi kama mishumaa. Sinia limejaa pomoni. Limependeza, Mungu shahidi. Mzee Bwanausi anaombwa afungue. Anapita nanasi, anapita papai, anachukua kijiti cha jibini kwa adabu ya mgeni, anatafuna. Watu wote wanamtazama mdomo.)

(Mzee Bwanausi: "Maziwa haya yamepata shida." Anameza. "Lakini nimekula. Sasa nipeni papai, lije liyafariji." Kicheko. Anakula papai, wenzake wanakula nanasi, anajifuta ndevu. "Bi Mwanabaraka, tulitumwa tutazame nyumba ya binti ikoje. Mlango tumeukuta umefungwa, nyumba hatukuiona. Ila majirani tumewaona. Mwanangu wa kiume akikosa akili, mke aliyekulia kwa watu hawa atamtosha. Tuongozeni nyumbani, tuseme maneno yetu." Vigelegele. Bi Mwanabaraka analia na kucheka, anajitwika sinia lake kichwani, anaenda taratibu lisimwagike, washenga nyuma yake, mtaa mzima nyuma ya washenga.)

Mabibi na mabwana, naomba ieleweke kwamba Skimu imefaulu asilimia mia moja na kumi! Naomba mkifika huko mseme jina langu! Jibini!

(Kwa mbali, watoto: "Inanuka!")

Hilo nalo tutalirekebisha mwakani. Sina mengi zaidi ila yaliyobaki, ambayo ni mengi, na nawashukuru sana ninyi nyote mliobaki kunisikiliza, kipekee wewe, paka wa Bi Ashatu, kwa uvumilivu wako tangu mwanzo wa hotuba hii mpaka...

(Paka naye ameshalifuata sinia.)